UTANI UNAPOGEUKA SUMU
Somo kuhusu maneno makali kati ya watoto wa shule ya msingi

Tuanze na swali. Je, una mdogo wako anayesoma darasa la kwanza, la pili au la tatu? Au yupo mtoto wa jirani ambaye mnaongozana naye asubuhi mpaka njia panda, yeye anakata kushoto kwenda shule ya msingi na wewe unaendelea sekondari? Kama yupo, somo la leo ni lako.

Najua wengine mtasema: "Sisi ni watu wa sekondari bwana, ugomvi wa watoto unatuhusu nini? Leo wamegombana, kesho wanagawana ubuyu." Ni kweli, ugomvi mwingi wa watoto ni wa kupita. Lakini upo usiopita. Yupo mtoto anayeitwa jina baya asubuhi mstarini, saa ya mapumziko, na njiani wakati wa kurudi nyumbani, kila siku ya Mungu. Mtoto huyo hagawani ubuyu na mtu. Anakaa peke yake chini ya mti akisubiri kengele.

Suala hili linakuhusu kwa sababu tatu. Kwanza, mtoto mdogo mara nyingi humwambia kaka au dada yake jambo ambalo hawezi kumwambia baba wala mwalimu. Pili, maneno mengi anayotumia kwa wenzake ameyaokota kwako na kwa washikaji zako. Tatu, mtindo huo huo wa kuumizana kwa ulimi mnao hapo shuleni kwenu. Muulize mwanafunzi yeyote wa kidato cha kwanza namna "njuka" anavyopokelewa.

MANENO MAKALI NI YAPI HASA?

Watu wengi wakisikia "uonevu shuleni" wanafikiria ngumi. Kumbe ulimi nao unaonea, tena kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya uso kwa uso. Hapa kuna matusi, kuzomea, kutukania mzazi, kumwiga mtu anavyotembea au anavyozungumza, na vitisho vya aina ya "tutaonana nje ya geti". Humu ndimo yamo majina ya kubandikwa. Mtoto mnene ana jina lake, mwembamba ana lake, mwenye kigugumizi ana lake. Anayechanganya "l" na "r" kwa sababu ya lugha ya kwao anachekwa kila anaposimama kusoma. Aliyerudia darasa anaitwa babu. Mwenye ualbino anaitwa kwa neno la kumfanya aonekane si mtu kama wengine. Mtoto ambaye sare yake ina kiraka, au ambaye wenzake wamegundua kuwa bado anakojoa kitandani, huyo ndiyo basi tena.

Njia ya pili ni ya pembeni. Hapa mtu haambiwi kitu usoni. Anasengenywa, anachongewa, anatengwa. Wasichana wanacheza rede, mmoja anakuja, na sauti inatoka: "Tusimchezeshe huyu." Au mbaya zaidi: "Ukicheza naye, sisi hatuchezi na wewe." Hakuna tusi hata moja lililotamkwa, na mwalimu akipita haoni kosa lolote. Lakini mtoto amepigwa.

Njia hii ya pili ilichelewa kuchunguzwa na wataalamu. Mwaka 1988 watafiti wa Finland, Kirsti Lagerspetz na Kaj Björkqvist pamoja na mwenzao, walitoa utafiti kuhusu watoto wa miaka 11 na 12. Waliona kwamba wavulana waligombana zaidi kwa njia ya wazi, na wasichana walitumia zaidi njia ya kuzunguka, kama kusengenya na kubadilisha marafiki ili kumkomoa mtu. Mwaka 1995 Nicki Crick na Jennifer Grotpeter wa Marekani waliichunguza zaidi njia hii ya kumuumiza mtu kwa kuharibu urafiki wake na wengine. Waligundua jambo la kushangaza: watoto waliokuwa wakitenga wenzao, wao wenyewe walikuwa wapweke zaidi na wenye huzuni zaidi kuliko wengine.

Sasa wavulana, msianze kucheka na kusema "si mnaona, umbea ni wa wasichana!" Mwaka 2008 Noel Card na wenzake walikusanya tafiti 148 na kuzilinganisha. Kwa ngumi na matusi ya wazi, wavulana walizidi. Kwa kusengenya na kutenga, tofauti ilikuwa ndogo mno, karibu haipo. Majungu hayana jinsia.

MBONA HATA SISI TUNA UTANI?

Swali zuri. Sisi ni watu wa utani. Babu anamwita mjukuu "mke wangu" na watu wote wanacheka. Wanyamwezi na Wazaramo wametaniana tangu enzi za misafara ya kwenda pwani. Yanga iliyoanzishwa mwaka 1935 na Simba iliyoanzishwa mwaka 1936 wanaitwa watani wa jadi, na siku moja baada ya mechi wewe mwenyewe unajua yanayosemwa vijiweni. Je, yote hayo ni uonevu?

Hapana. Utani wetu una sheria zake, hata kama hazikuandikwa popote:

1. Utani ni wa pande mbili. Leo wewe unanitania, kesho nami nakutania, na wote tunajua hivyo. Mjukuu naye ana haki ya kumwambia babu kwamba hana meno ya kula mahari.

2. Wanaotaniana wako sawa. Mtani hana uwezo wa kukudhuru wala hana nia hiyo.

3. Utani unafuatana na msaada. Ukifiwa, mtani ndiye anayekuja kukuchekesha msibani, lakini ndiye huyo huyo anayeshika jembe la kuchimba kaburi.

4. Utani unajua kukoma. Mwenzako akionyesha kuumia, unaacha.

Pima sasa jina analoitwa yule mtoto wa darasa la pili. Je, naye anaruhusiwa kuwapa majina wale wanaomwita? Hathubutu. Je, wako sawa? Wao ni watano, yeye ni mmoja. Je, siku akiumwa watamletea daftari nyumbani? Hata kwao hawapajui. Je, akilia wanaacha? Akilia ndiyo kwanza wanaongeza sauti.

Dan Olweus, mtafiti aliyeanza kuchunguza uonevu wa shuleni huko Skandinavia miaka ya 1970, alitaja mambo matatu yanayotambulisha uonevu: ni wa makusudi, unarudiwarudiwa, na anayeonewa hana nguvu sawa na anayemwonea. Ukiyalinganisha na sheria zetu za utani utaona kwamba wazee wetu walikuwa wameshaujua mpaka ulipo. Ndiyo maana wakaonya: mzaha mzaha, hutunga usaha.

KWA NINI MTOTO MDOGO ANAKUWA NA ULIMI MKALI?

Hakuna mtoto anayezaliwa na matusi mdomoni. Sababu ni nyingi. Hizi ni baadhi.

Umri. Richard Tremblay wa Kanada, ambaye alifuatilia watoto kwa miaka mingi, alionyesha kwamba mtoto hupiga, kuuma na kusukuma zaidi akiwa na umri wa kama miaka miwili hadi mitatu. Baadaye anajifunza kujizuia. Lakini wakati mikono inatulia, ulimi unazidi kuwa mwepesi. Akifika shule anagundua kwamba neno moja linaweza kufanya kazi ya ngumi, tena bila kuacha alama ya kumwonyesha mwalimu.

Anayoyasikia. Mtoto ni kinasa sauti. Kama nyumbani wakubwa wakikasirika wanaitana mbwa, yeye atajua kwamba mtu akikasirika huita mwenzake mbwa. Mara nyingine jina lenyewe linatoka nyumbani. Wewe unamwita mdogo wako "kichwa maji" kwa mapenzi tu, mbele ya rafiki yake. Rafiki analibeba hadi darasani. Kufika Ijumaa, darasa zima linamwita hivyo, na huko hakuna mapenzi.

Cheo. Watoto nao wana siasa zao. Anayewachekesha wenzake kwa kumdhalilisha mmoja anapata wafuasi haraka. Wafuasi wenyewe wengi hawampendi. Wanamwogopa, wanacheka ili zamu isiwafikie wao.

Kufikiria vibaya. Mpira umempiga mtoto mgongoni. Mmoja atasema "ametereza mguu", mwingine atasema "kanikusudia!" Mwaka 1980 Kenneth Dodge wa Marekani alionyesha kwamba wavulana wenye ugomvi mwingi hufikiri haraka kuwa wamekusudiwa, hata pale ambapo jambo halieleweki kama ni bahati mbaya au la. Mtoto wa namna hii anatukana akiamini anajitetea.

Yeye mwenyewe kuonewa. Anayetukanwa darasani akiwa mnyonge, akikutana na mdogo zaidi njiani, anamshushia mzigo wote.

YANADHURU VIPI?

Kuna watu watakuambia, "Neno halitoi damu, mwache akomae." Tuangalie kama ni kweli.

Mwaka 2003 Naomi Eisenberger na wenzake wa Marekani walifanya jaribio dogo. Waliwapa vijana 13 wa chuo kikuu mchezo wa kompyuta wa kurushiana mpira, huku mashine ikipiga picha za ubongo wao. Baada ya muda kijana anaachwa, hapewi tena mpira. Picha zilionyesha kuwa sehemu ya ubongo inayohusika na uchungu wa maumivu ya mwili ilifanya kazi zaidi pale kijana alipotengwa. Na hao ni watu wazima, katika mchezo wa dakika chache. Fikiria sasa mtoto wa miaka saba asiyechezeshwa rede muhula mzima.

Mwili nao unasema. Mwaka 2013 Gianluca Gini na Tiziana Pozzoli wa Italia walikusanya tafiti 30 na kuona kwamba mtoto anayeonewa na wenzake ana uwezekano wa zaidi ya mara mbili wa kuwa na matatizo kama kuumwa kichwa, kuumwa tumbo au kukosa usingizi bila ugonjwa unaoeleweka. Kwa hiyo mdogo wako akisema kila Jumatatu asubuhi "tumbo linauma", usikimbilie kumwita mvivu. Inawezekana tumbo linauma kweli, na sababu iko shuleni.

Masomo nayo yanaharibika. Mtoto anayeogopa kuchekwa hanyoshi kidole hata kama jibu analijua. Haendi ubaoni. Hamwulizi mwalimu alipokwama. Wengine hawaendi hata chooni saa ya mapumziko, kwa sababu huko ndiko wanakosubiriwa. Taratibu anaanza kuchelewa makusudi, kisha kutoroka, na mwisho anaiacha shule. Watu wanasema "hakuwa na akili ya shule". Akili alikuwa nayo, alichokosa ni mahali pa kukaa kwa amani.

Wala hili si tatizo la shule moja au nchi moja. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2019 ilieleza kuwa karibu mwanafunzi 1 kati ya 3 duniani, yaani asilimia 32, alikuwa ameonewa na wenzake angalau mara moja katika mwezi mmoja kabla ya kuulizwa.

DARASA ZIMA LIMO NDANI

Tunapozungumzia uonevu tunataja watu wawili tu: anayeonea na anayeonewa. Mwaka 1996 Christina Salmivalli na wenzake wa Finland walionyesha kuwa watoto wengi darasani wana nafasi yao katika jambo hili. Yupo anayeanzisha. Wapo wasaidizi wake, wanaodakia na kuendeleza. Wapo mashabiki, wanaocheka na kuita wengine waje kuona. Wapo wanaokaa kando kimya kama hawaoni. Na wapo watetezi, ambao humsaidia au kumfariji anayeonewa.

Je, mtetezi anasaidia kitu kweli? Anasaidia sana. Mwaka 2001 watafiti wa Kanada, Lynn Hawkins, Debra Pepler na Wendy Craig, walitoa matokeo ya kuwarekodi watoto wa shule za msingi wakiwa viwanjani. Soma tarakimu hizi taratibu:

- Katika matukio 88 kati ya kila 100 ya uonevu, watoto wengine walikuwepo wakiangalia.
- Ni katika matukio 19 tu kati ya 100 ambapo mtoto aliingilia.
- Walipoingilia, zaidi ya nusu ya mara hizo (asilimia 57) uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10.

Sekunde 10! Ni muda wa kusema, "Achaneni naye bwana, njoo tucheze huku." Nguvu ya muonevu iko kwa mashabiki. Wakiondoka, amebaki anazungumza peke yake kama mtu aliyepotelewa na mbuzi.

WEWE UFANYE NINI?

1. Soma dalili.
Mtoto mdogo mara nyingi hasemi moja kwa moja. Angalia kama anarudi na daftari lililochanwa, anaumwa kila siku ya shule na kupona Jumamosi, amebadilisha njia ya kupita, hataji tena jina la rafiki yake yeyote, ameanza tena kukojoa kitandani, au amekuwa mkali ghafla kwa wadogo zake. Dalili moja peke yake haithibitishi kitu, na nyingine zinaweza kuwa ni ugonjwa. Lakini zikifuatana mbili tatu, chunguza.

2. Msikilize bila kuhukumu.
Usimwite barazani mbele ya watu. Mfuate mkiwa mnaosha vyombo au mnachota maji, pale ambapo mikono ina kazi na macho hayatazamani. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Mdogo wangu, saa ya mapumziko siku hizi mnacheza nini?"
"Sichezi."
"Mbona zamani ulikuwa unacheza rede?"
"Wanasema mimi nanuka."
"Pole sana. Nani anasema?"
"Wote. Dada, usimwambie mama."
"Nimekusikia. Umefanya vizuri kuniambia. Siyo kosa lako. Hebu nieleze ilianzaje."

Umeona? Huyu dada hakusema "kwani ulioga?" Hakusema "na wewe umezidi kulia". Hakukimbia na fimbo. Kwanza amemwamini, halafu amemwondolea lawama. Pia hakuahidi kuficha siri. Usiahidi siri ambayo hutaweza kuitunza, kwa sababu huenda ikabidi mzazi ajue. Sema tu, "Tutafikiri pamoja tumwambie nani na tumwambie vipi."

Kama kuna jambo dogo linaloweza kurekebishwa, kama sare kufuliwa jioni, lirekebishe kimya kimya. Lakini usimfundishe kwamba alistahili kutukanwa. Sare chafu inafuliwa kwa sabuni, haifuliwi kwa matusi.

3. Mpe maneno ya kujikinga.
Ushauri wa mitaani ni "mtukane na wewe" au "mpige". Ushauri huo una kasoro mbili. Muonevu anapenda sana kuona umewaka, hiyo ndiyo zawadi yake. Na mwalimu akifika anakuta wote wawili mnatukanana, wote mnapata adhabu. Badala yake mfundishe mambo manne, na myafanyie mazoezi nyumbani kama igizo:
- Simama wima, mwangalie usoni.
- Sema sentensi moja fupi kwa sauti ya kawaida: "Hilo siyo jina langu."
- Ondoka, usikimbie. Nenda walipo wenzako au mtu mzima.
- Siku hiyo hiyo mwambie mtu unayemwamini.

Kurudia igizo ni muhimu. Mtoto akiogopa, anakumbuka tu kile ambacho mdomo umekwisha kukizoea.

4. Mtafutie rafiki mmoja.
Hahitaji darasa zima. Rafiki mmoja anatosha kubadilisha saa ya mapumziko. Mwulize nani darasani hamcheki. Kama anakaa mtaa mmoja na nyinyi, panga waongozane. Siku ya Jumamosi wacheze nage pamoja uani. Mtoto mwenye mwenzake si rahisi kuzingirwa.

5. Peleka habari kwa wakubwa.
Mambo yakiendelea, mwambie mzazi au mlezi, kisha mwalimu wa darasa. Eleza kwa utaratibu: nini kinasemwa, na nani, wapi, tangu lini. Usiseme tu "watoto wa darasa lako ni wabaya". Mwalimu mwenye watoto wengi hawezi kusikia kila neno linalosemwa nyuma ya choo, hivyo taarifa yako ni msaada kwake. Kwa kawaida mwalimu anaweza kubadilisha mahali pa kukaa, kuongeza uangalizi saa ya mapumziko, na kuzungumza na kila mtoto peke yake. Kuwakalisha wawili hao uso kwa uso na kuwalazimisha kushikana mikono si dawa. Mnyonge atashika mkono, halafu atalipia njiani.

Kuna tofauti kati ya umbea na kutoa taarifa, na hii wafundishe wadogo zako. Umbea ni kusema ili mtu aumie. Kutoa taarifa ni kusema ili mtu aokoke.

Kama kuna vitisho vikubwa, kama mtoto anapigwa, au anasema anatamani asiwepo duniani, usisubiri kesho. Mwambie mtu mzima unayemwamini leo hii. Tanzania na Kenya zote zina namba ya simu ya huduma kwa mtoto, 116, na kupiga ni bure. Pia ujue kuwa sheria iko upande wa mtoto. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unataka mtoto alindwe dhidi ya ukatili wa mwili na wa akili, na Tanzania Bara ina Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inayokataza kumbagua na kumdhalilisha mtoto.

NA KAMA MDOGO WAKO NDIYE MWENYE ULIMI?

Hili gumu kidogo. Wengi tunajua kumtetea ndugu aliyeonewa, lakini ndugu anayeonea tunamchekea: "Dogo huyu kiboko!" Ukicheka, umempa cheti.

Usimwite mtoto mbaya, wala usimtandike ili aache kuumiza wengine. Utakuwa unamfundisha kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki. Mwambie kitendo chenyewe: "Kumwita mwenzako vile kunamuumiza. Hapa kwetu hatufanyi hivyo." Muulize angejisikiaje yeye. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Kisha mtake arekebishe kwa tendo: amwite mwenzake kwa jina lake halisi, amkaribishe mchezoni, au amfutie lawama mbele ya wale wale waliocheka. Samahani ya mdomoni peke yake ni rahisi mno.

Halafu chunguza kama naye anaonewa mahali. Na kama ana tabia ya "kanikusudia", mzoeze kuuliza kabla ya kulipiza: "Umefanya makusudi au bahati mbaya?" Swali hilo dogo limezuia ugomvi mwingi.

JIPIME

Jibu NDIYO au HAPANA. Hakuna anayekuona.

1. Kuna mtu shuleni ambaye sijui jina lake halisi, najua la kubandikwa tu.
2. Nimewahi kucheka mwenzangu akidhalilishwa ili nisionekane mshamba.
3. Nyumbani namwita mdogo wangu kwa jina linalohusu umbo, rangi au akili yake.
4. Nimewahi kumwambia mtu "ukiwa rafiki yake, basi usiwe rafiki yangu".
5. Nikikasirika, neno la kwanza kunitoka ni tusi.

Kama una NDIYO moja au mbili, uko kama wengi wetu. Chagua moja ya kuacha wiki hii. Kama una tatu au zaidi, usiishie kusoma. Anza na namba 1: nenda kamuulize mwenzako jina lake.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KLABU YENU

1. Taja majina matano ya kubandikwa yanayotumika shuleni kwenu. Yapi ni utani wa pande mbili, na yapi ni uonevu? Mmetumia kipimo gani?
2. Mapokezi ya kidato cha kwanza yana faida yoyote? Nani anafaidika?
3. Kwa nini watoto wengi huangalia na wachache huingilia? Ungemwambia nini mtoto wa darasa la tatu anayeogopa kumtetea mwenzake?
4. Tungeni igizo la dakika tano: mmoja anazomea, mmoja anazomewa, wawili ni mashabiki, mmoja ni mtetezi. Igizeni mara mbili, mara ya kwanza bila mtetezi, mara ya pili akiwepo. Muulizeni aliyezomewa alijisikiaje kila mara.
5. Klabu yenu inaweza kwenda kucheza igizo hilo kwenye shule ya msingi ya jirani. Mtamwomba nani ruhusa, na lini?

KUMBUKA

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole kilichojikwaa kinafungwa kitambaa, kesho unatembea. Neno alilobandikwa mtoto wa miaka saba anaweza kutembea nalo mpaka kidato cha nne, na hata zaidi. Basi kesho asubuhi, mkifika ile njia panda, kabla hujaendelea na safari yako, mwite mdogo wako kwa jina lake lote, zuri, alilopewa na wazazi. Mwambie, "Jioni utanisimulia mlicheza nini." Na jioni ikifika, muulize kweli.